Mpwa wangu, ugumu wa takwimu si ugumu wa kalkulasi

Mpwa wangu mpendwa,

Mpe mama shikamoo yangu, na wote nyumbani wasalimie. Swali lako nimelipata: kati ya takwimu na kalkulasi, lipi somo gumu kwa mwanafunzi wa sekondari? Umeambiwa takwimu ni hesabu za wavivu na kalkulasi ni ya wenye vichwa vyao. Maneno hayo yaache. Kila somo lina mahali pake pa kumwangusha mtu, na ukipajua utajua lipi litakutesa wewe.

Nianze na kalkulasi. Mawazo yake makuu ni mawili tu: kitu kinabadilika kwa kasi gani sasa hivi, na vipande vidogo vidogo vikijumlishwa vinafikia kiasi gani. Anayeelewa spidomita ya gari ameshalishika la kwanza. Kinachoangusha wengi ni aljebra iliyo chini yake. Chukua kalamu tufanye moja. Tunatafuta kasi ya badiliko la x² pale x ilipo 3. Sogea mbele kidogo, kiasi cha h, kisha toa na ugawanye: (3 + h)² kutoa 9, yote kwa h. Mabano yakifunguliwa vizuri yanatoa 9 + 6h + h². Toa 9, zinabaki 6h + h²; gawanya kwa h, inabaki 6 + h. Sasa h ipungue hadi ikaribie sifuri, na jibu ni 6. Aliyeandika (3 + h)² = 9 + h² atabakiwa na h peke yake, na jibu lake litakuwa 0. Wazo la kalkulasi amelishika barabara. Mabano ndiyo yamemponza.

Kosa jingine la kila siku ni la funksheni, yaani kanuni inayoigeuza x kuwa namba nyingine, iliyo ndani ya nyingine. Derivativu, yaani ile kasi ya badiliko, ya (3x + 1)⁵ ni 15(3x + 1)⁴, kwa kuwa 5 inashuka na 3 ya ndani nayo inazidisha. Wengi huishia kwenye 5(3x + 1)⁴, wakaisahau ya ndani.

Halafu yapo maswali ya maneno. Ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta. Mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani na unateleza kwenda nje mita 0.5 kila sekunde. Ncha ya juu inashuka kwa kasi gani? Anza na x² + y² = 25, tafuta derivativu kwa kufuata muda, ndipo uweke namba: x ni 3, y ni 4, na ncha inashuka kwa mita 0.375 kila sekunde. Ukiiweka 3 mapema, umeifanya x kuwa kitu kisichosogea, na derivativu ya kitu kisichosogea ni sifuri. Hapo hata aljebra nzuri haikuokoi.

Lakini kalkulasi ina wema wake: inakuonyesha ulipokosea. Ukishapata integrali, yaani jumla ya vile vipande vidogo vidogo, tafuta derivativu yake. Isiporudi ulikoanzia, rudi ukague.

Takwimu hazina wema huo. Kujumlisha na kugawanya hufanywa na kikokotoo, na wastani au mchoro haumsumbui mtu. Taabu inaanza pale unapotakiwa kusema namba ina maana gani. Tuseme sarafu imerushwa mara 20, kichwa kikatokea mara 15. Kama sarafu haipendelei upande wowote, uwezekano wa kupata vichwa 15 au zaidi ni karibu 0.02. Litazame neno "kama" lilivyokaa mwanzoni mwa sentensi. Mwanafunzi huliruka akaandika kwamba uwezekano wa sarafu kutopendelea upande ni asilimia 2. Namba ni ileile, kikokotoo hakikukosea, na jibu si sahihi.

Kosa hilohilo linaonekana vizuri zaidi kwenye vipimo vya ugonjwa. Katika watu 1,000, wagonjwa ni 10, na kipimo kinawagundua 9. Kwa wazima 990, kipimo hicho kinawaambia wongo asilimia 10 yao, yaani watu 99. Walioambiwa wanaumwa wamekuwa 108, na wagonjwa halisi kati yao ni 9 tu, mmoja kwa kila 12. "Kama anaumwa, kipimo kitasema ndiyo" na "kama kipimo kimesema ndiyo, anaumwa" ni sentensi mbili zisizokutana, na hapa ndipo hata wenye aljebra safi wanapopotea.

Kisha kuna sampuli, yaani wachache wanaoulizwa kwa niaba ya wote. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina ya walioulizwa yalitoka kwa kiasi kikubwa kwenye orodha za wenye simu na magari, na waliojibu nao walikuwa sehemu tu ya hao. Hata sampuli ikichaguliwa kwa haki, usahihi hauji kwa bei rahisi: watu 400 wanakupa ukingo wa makosa, yaani kiasi ambacho jibu linaweza kuwa mbali na ukweli, wa karibu asilimia 5 kila upande, na ili uufikishe kwenye 2.5 unahitaji watu 1,600, mara nne.

Kwa maoni yangu, kalkulasi ni ngumu zaidi kuingia, na takwimu ni ngumu zaidi kuzielewa kweli. Jipime hivi, bila kikokotoo. Fungua (2x − 3)². Rahisisha (x² − 9)/(x − 3). Tafuta x katika 2/x + 1 = 5. Andika 1/√x kama kipeo cha x. Chora sin x kutoka 0 hadi 2π. Ukikwama kwenye mawili au zaidi, ipe aljebra mwezi mzima kabla hujagusa kalkulasi. Kisha tafuta habari yoyote yenye asilimia ndani yake, uandike sentensi tatu: nani waliulizwa, walipatikanaje, na tunaweza kusema nini juu ya wasioulizwa. Sentensi ya tatu ndiyo mtihani.

Ukitaka uhandisi au fizikia, kalkulasi huikwepi. Ukielekea uuguzi, kilimo au sayansi ya jamii, takwimu zitakufuata hadi kazini. Na ukizisoma takwimu chuoni kwa undani, utaikuta kalkulasi inakusubiri, maana eneo lililo chini ya lile umbo la kengele linalochorwa kwenye takwimu ni integrali.

Fanya hizo tano na zile sentensi tatu, kisha nitumie picha ya karatasi yenyewe. Usifute ulipokosea, nataka kuona hatua zote.

Mjomba wako