Mzee Ojwang' alistahili malipo, si michango

Kwa Mhariri wa Taifa Leo,

Naandika kuhusu Benson Wanjau, ambaye Wakenya wengi hawakumjua kwa jina hilo. Walimjua kuwa Mzee Ojwang' Hatari, mume wa Mama Kayai katika kipindi cha vichekesho cha televisheni cha Vitimbi, na alipofariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78, wapo waliopigwa na butwaa mara mbili: kwanza kwa msiba wenyewe, kisha kwa kupata habari kwamba mzee waliyemdhania kuwa Mluo halisi alikuwa Mkikuyu. Kwangu mimi huo ndio ushahidi wa kwanza wa kipaji chake. Ushahidi wa pili unaniuma, kwa sababu mtu aliyeweza kuliteka taifa zima kwa takriban miongo mitatu alifika uzeeni akitegemea wasamaria wema wachange fedha ili atibiwe macho. Habari hizi mbili zimezoeleka kusimuliwa kila moja peke yake, na naomba nafasi katika gazeti lako nizisimulie pamoja.

Wanjau aliingia katika vichekesho vya televisheni mapema katika miaka ya 1980, wakati Sauti ya Kenya, yaani VOK, ilikuwa stesheni pekee nchini. Stesheni hiyo ilirudishiwa jina la KBC, yaani Shirika la Utangazaji la Kenya, mwaka 1989 kwa sheria ya Bunge, na mshindani wake wa kwanza, stesheni ya binafsi ya KTN, hakuanza kurusha matangazo hadi mwaka 1990. Kwa hiyo katika miaka hiyo aliyekuwa na televisheni alitazama kilichopo, na asiyekuwa nayo alikwenda kwa jirani. Mzee Ojwang' alionekana katika Vitimbi, katika Vioja Mahakamani, na pia katika vipindi kama Vituko na Kinyonga, akiwa pamoja na Mary Khavere, ambaye ndiye Mama Kayai, na wenzao wengi ambao majina yao halisi yamefunikwa kabisa na yale ya uigizaji. Watazamaji wengi waliamini kwamba Ojwang' na Mama Kayai walikuwa mume na mke nje ya kamera pia. Hawakuwa. Lakini ni nani angelaumiwa kwa kuamini hivyo, alipowaona wakizozana kwa uchungu unaoweza kuletwa tu na mazoea ya muda mrefu?

Vijana wanaodhani kuchekesha ni kuvaa nguo kubwa na kuvuruga matamshi wanapaswa kuitazama kazi ya mzee huyu kwa makini. Mwigizaji wa jukwaani husoma sehemu yake, akaicheza kwa msimu mmoja, akaiacha. Mwigizaji wa filamu hufanya kazi kwa wiki kadhaa, kisha mhusika wake akabaki kwenye ukanda. Mchekeshaji wa kipindi cha mfululizo hurudi wiki baada ya wiki akiwa mtu yule yule, mwenye majivuno yale yale na hasira zile zile za haraka, na bado anatakiwa asimchoshe mtazamaji anayekwisha kujua jinsi atakavyokasirika. Njia pekee ya kuliweza jambo hilo ni kumfahamu mhusika kwa undani zaidi ya vile kisa cha wiki kinavyodai, kiasi kwamba hata akiketi kimya huku wengine wakisema, mtazamaji anamwangalia yeye. Ojwang' alikuwa na uwezo huo. Alijua kungoja. Alimwacha mwenzake amalize, akameza mate, akatazama pembeni kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe zake, ndipo akajibu.

Lafudhi yake nayo inastahili kutajwa, kwa kuwa ndiyo iliyomtambulisha. Msemaji aliyelelewa katika Kiluo, lugha isiyo na sauti ya sh, huenda akaitamka shida kama sida, na jambo hilo limefanyiwa mzaha wa kila namna nchini, mwingi wake ukiwa wa kudhalilisha. Wanjau hakuichukua lafudhi hiyo kuwa fimbo. Aliivaa pamoja na heshima ya mwenyewe: mzee wake alijiona mtu mkubwa, alijua thamani yake, alipenda neno lake liwe la mwisho nyumbani ingawa mkewe hakumpa nafasi hiyo mara nyingi. Tulimcheka kwa kuwa tulimfahamu katika baba zetu, wajomba zetu na majirani zetu wa makabila yote, na Waluo wenyewe walikuwa miongoni mwa mashabiki wake wakubwa.

Tukumbuke pia alikuwa akiigiza katika nchi gani. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao, na katika miji kadhaa jina la mtu au matamshi yake yalitosha kumfanya alengwe. Mkikuyu aliyependwa kwa kuigiza Mluo alikuwa katika televisheni ya taifa kabla ya miezi hiyo na baada yake. Sisemi kwamba kipindi cha vichekesho kingeweza kuzuia umwagaji damu, maana hakikuuzuia. Nasema kwamba alifanya kwa vitendo, kwa miaka mingi na bila hotuba, lile ambalo tume na kamati zetu za uwiano zimekuwa zikilihubiri kwa gharama kubwa.

Na alilifanya kwa Kiswahili. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi. Watoto wa bara ambao hawakukisikia nyumbani walihitaji mahali pa kukisikia kikiishi, kikigombana, kikidai deni na kubembeleza, nje ya daftari la ngeli. Wengi walikipata katika Vitimbi na Vioja Mahakamani. Lugha ya vipindi hivyo haikuwa sanifu, na wapo walimu walioilalamikia. Mimi naamini lugha haipendwi kwanza kwa usanifu wake, na kwamba waigizaji wale walikifanyia Kiswahili kazi ambayo hakuna silabasi ingeifanya peke yake.

Sasa niliseme lililonifanya nishike kalamu. Macho ya mzee yalipofifia, ilibidi aondoke kwenye kipindi, na habari za hali yake zilipotoka, Wakenya walichanga. Walichanga kwa moyo, na ukarimu huo haupaswi kubezwa hata kidogo. Lakini mchango ni huruma, na huruma humjia yule aliyebahatika kukumbukwa. Mwigizaji ambaye kazi yake inaendelea kutazamwa hahitaji kuhurumiwa, anadai. Mwenye nyumba ya kupangisha hapokei kodi ya mwezi wa kwanza peke yake kisha akaambiwa kwamba miaka mingine thelathini wapangaji watakaa bure kwa kuwa nyumba imekwisha kujengwa. Mwigizaji wetu huambiwa hivyo hasa. Mara nyingi hulipwa kwa kipindi au kwa siku ya kurekodi, akatia sahihi, na tangu hapo kipindi kikirudiwa, kikiuzwa kwa stesheni nyingine au kikiwekwa YouTube, fedha zinapita kando yake.

Hali hii haikutokana na ukatili wa mtu mmoja. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, uliokusudiwa kuwalinda wasanii watumbuizaji duniani, uliweka katika kifungu chake cha 19 kwamba mtumbuizaji akishakubali kazi yake iingizwe katika picha za video au filamu, ulinzi wa haki zake chini ya mkataba huo unakoma hapo. Kwa hiyo mwimbaji wa santuri alibaki na ulinzi fulani wakati mwigizaji wa skrini aliachwa mikono mitupu. Kasoro hiyo ilianza kurekebishwa kimataifa kwa Mkataba wa Beijing wa Juni 2012, ulioanza kutumika tarehe 28 Aprili 2020, ambao unamtambua mwigizaji wa filamu na televisheni, unampa haki ya kutajwa jina lake katika kazi yake, na unaziruhusu nchi kumhakikishia malipo ya haki hata baada ya kumkabidhi mtayarishaji haki zake. Mzee Ojwang' alikuwa amekwisha kuzikwa.

Wapo waliolitatua jambo hili bila kungoja mkataba wa kimataifa. Waigizaji wa Marekani walianza kupata malipo ya marudio ya vipindi vya televisheni tangu miaka ya 1950. Mwaka 1960 chama chao kiligoma, kikiongozwa na Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi hiyo na hakuwa rafiki wa wagomaji wengine, na mgomo huo ukawapatia waigizaji wa filamu mfuko wa pensheni na matibabu. Mwaka 2023 waliweka tena vifaa chini kwa siku 118, na mojawapo ya madai yao lilikuwa malipo ya kazi zinazotazamwa kwenye intaneti. Hao ni waigizaji wa soko lenye fedha nyingi kuliko yote duniani, na bado hawakuona haya kudai sehemu yao ya kila marudio. Iweje sisi, wenye soko dogo na mishahara midogo, tuone kwamba dai kama hilo ni tamaa?

Najua stesheni zitajibu kwamba matangazo ya biashara yamepungua na bajeti ni finyu. Nakubali kwamba ni finyu. Lakini asilimia ndogo ya fedha kidogo bado ni fedha, na kwa mzee asiye na pensheni huenda ikawa dawa za mwezi. Tena nchi hii haiko gizani kisheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua haki za watumbuizaji, na limekuwapo shirika la PRISK la kukusanya malipo kwa niaba yao, ingawa mwananchi wa kawaida analifahamu zaidi kwa leseni za muziki katika hoteli na matatu kuliko kwa drama na vichekesho. Kanuni za utangazaji nazo zimezitaka stesheni ziwe na asilimia 40 ya vipindi vya humu nchini. Lengo hilo ni zuri, lakini linaweza kutimizwa kwa kurudia kazi za zamani usiku na mchana bila waliozifanya kupata hata shilingi.

Majirani wetu wa Tanzania wamelionja chungu hili. Amri Athumani wa Tanga, King Majuto, aliyewachekesha watu wa Afrika Mashariki yote kwa michezo na filamu zisizohesabika, aliugua mwaka 2018, akapelekwa kutibiwa India, na akafariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huo. Ugonjwa wake ndio ulioibua hadharani suala la mikataba ya unyonyaji, hata Waziri Harrison Mwakyembe, aliyekuwa na dhamana ya sanaa, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Ilikuwa hatua njema. Ila mkataba unaofaa kupitiwa ni ule ambao msanii hajautia sahihi, akiwa na nguvu zake. Sisi nasi tulimzika mchekeshaji Charles Bukeko, aliyejulikana kama Papa Shirandula, mnamo Julai 2020, miaka mitano baada ya Ojwang', tukarudia maneno yale yale ya rambirambi.

Ombi langu la kwanza ni kwa KBC, shirika la umma linalomilikiwa na sisi sote. Lieleze wazi ni vipindi vingapi vya Vitimbi, Vioja Mahakamani na vinginevyo vya zama za VOK ambavyo vimehifadhiwa, viko katika hali gani, na nani anaonekana katika kila kimoja kwa jina lake la kuzaliwa na lile la uigizaji. Bila orodha hiyo hakuna anayeweza kumlipa mtu yeyote chochote, kwa kuwa hata warithi hawataweza kuthibitisha dai lao. Ikishapatikana, kila kipindi kinachorushwa upya kiwe na fungu, hata liwe dogo, la waigizaji na warithi wao. Stesheni za binafsi ziige hapo, na kifungu cha marudio kiandikwe katika mikataba mipya kuanzia sasa, kikiwa katika lugha ambayo mwigizaji anaielewa bila kuazima wakili.

La pili ni kwako, Mhariri. Wenzake Mzee Ojwang' wa kizazi kile hawajaisha wote. Taifa Leo lina waandishi na lina lugha ambayo waigizaji hao walifanyia kazi. Watumeni wakawahoji wangali hai, wawaulize walianzaje, walilipwaje, nani aliwafundisha, vipindi vilirekodiwa vipi na mikataba yao ilisema nini, na mchapishe majibu yao kwa kirefu, hata kama itachukua Jumapili nyingi. Mambo hayo yako vichwani mwa watu wachache waliokwisha kuzeeka, na KBC ikichelewa kutoa orodha niliyoiomba, ushahidi wao ndio utakaotumika kuiandaa.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa Nakuru