Mdogo wangu, usikiite kilima

Mdogo wangu,

Juzi nilipokutajia urefu wa kilele cha Quartz Peak ulicheka. Mita 1,235! Ukasema hicho ni kilima tu, twende Julai, tutakipanda asubuhi na mchana tuwe tumesharudi tunakunywa chai. Nilinyamaza kwa sababu na mimi niliwahi kusema hivyohivyo, kisha kilima hicho kikanirudisha chini kabla sijafika juu. Nakujibu hapa hadharani, maana najua wenye kiherehere kama chako hamko mmoja.

Safu ya milima yenye kilele hicho inaitwa Sierra Estrella, yaani milima ya nyota kwa Kihispania, kusini magharibi mwa Phoenix, Arizona. Mwaka 1990 ekari 14,400 zake zilitengwa kisheria zibaki nyika: gari haliingii, hata baiskeli ni marufuku. Kwa nyika za Marekani hilo ni eneo dogo. Ukiwa mjini unaiona safu hiyo karibu kabisa, lakini barabara inakuzungusha hadi upande wa magharibi kupitia Rainbow Valley, na mwishoni ni vumbi laini kama unga na mchanga unaomeza matairi. Kigari chako cha chini kiache nyumbani.

Njia inaanzia mita 470 hivi na ina urefu wa kilomita tano kasoro. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya mita 750 za kupanda, ndani ya kilomita hizo chache. Kuna mahali njia inafifia usijue kama unafuata nyayo za watu au za wanyama pori. Kivuli ni cha kubahatisha. Saguaro, ile dungusi ndefu yenye mikono, inaweza kuishi zaidi ya miaka 150, lakini kivuli chake ni chembamba kama cha nguzo ya umeme.

Kilichonishinda mimi ni maji. Nilikwenda Aprili na lita mbili, nikijisifu kwamba sitoki jasho. Kumbe jasho lilikuwa linatoka, ila hewa ya pale ni kavu mno, linakauka kabla hujalihisi. Chupa ya pili iliisha nikiwa bado napanda. Kisima hakuna, kijito hakuna. Weupe wa mawe ya kwatzi kileleni nilikuwa nauona kwa macho yangu, nikageuka. Iliniuma, nisikudanganye. Na hiyo ilikuwa Aprili; kiangazi cha 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au zaidi. Kwa hiyo Julai yako hiyo, sahau.

Nilirudi Januari na lita tano. Mzigo ulinikata mabega, lakini nilifika. Mita 400 za mwisho njia inakwisha, unabaki wewe na majabali. Hapo ni kukwea kwa mikono: tikisa kila jiwe kabla ya kuliamini, na usitie vidole kwenye ufa ambao hujauchungulia, maana nyoka wa njuga na nge nao wana makazi yao. Juu kabisa, mashariki unaona jiji zima limetandazwa kama jamvi. Magharibi, jangwa na vilima vyeusi vya volkano. Nilikaa zaidi upande wa magharibi.

Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, changarawe inateleza kama punje za mahindi sakafuni. Anza mapema. Desemba na Januari jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Jambo dogo ambalo utalicheka pia: kuna dungusi inaitwa cholla, vipande vyake vyenye miiba vinanata ukipita tu karibu. Ukivishika kwa mkono vinahamia mkononi. Dawa yake ni chanuo, unakichomeka chini ya kipande na kukirusha mbali.

Chanuo ninacho. Wewe nitajie tarehe, na viatu uanze kuvivaa tangu sasa.

Kaka yako