Barua ya wazi kwa watumishi wanaokaribia kustaafu: nyumba mnazojenga

Wadogo zangu, salaam.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimewauguza wazee wengi waliovunjika nyonga, na wengi wao waliangukia nyumbani, usiku, wakienda msalani. Ndiyo sababu nawaandikia kabla mafao ya mkupuo hayajaishia kwenye zege.

Mtu ana miaka 57, kustaafu kwa lazima ni 60, naye ndiyo kwanza anapandisha ghorofa ili watu waone kuwa alifanya kazi. Ninaye jirani mwenye nyumba ya namna hiyo. Magoti yamekataa ngazi, analala sebuleni nyuma ya pazia, na huko juu hapandi mtu. Inaniuma kila nikimpelekea uji.

Jengeni nyumba ya chini, vyumba viwili au vitatu vinatosha. Choo kiwe ndani, hatua chache kutoka kitandani, tena cha kukaa. Bafuni msiweke vigae vinavyong'aa. Maji na sabuni vikimwagika hapo ni hatari tupu. Fundi afunge bomba la kushikilia ukutani, milango iwe na upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite, na mlango mkubwa uwe na mteremko badala ya vidato. Mambo haya yakipangwa tangu msingi hayana gharama kubwa. Kuvunja na kujenga upya ndiko kunakomaliza pensheni.

Kwa sisi wa pwani kuna joto. Ubavu mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, madirisha yakabiliane ili upepo upite, na chini ya bati pawe na dari. Mwili wa mzee hauhimili joto kama wa kijana. Wekeni na mifereji ya kukinga maji: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 20, tangi la lita 2,000 linakaribia kujaa.

Lakini kubwa kuliko yote ni mahali. Wazee ninaozungumza nao hawatamani makao ya wazee, hata kama ya Sebleni na Welezo kule Unguja. Wanautaka mtaa wao, jirani atakayeshtuka dirisha lisipofunguliwa asubuhi, baraza la kukaa jioni na watu wakasalimiana. Kiwanja cha bei nafuu porini kitakugharimu siku presha imepanda usiku wa manane na hata bodaboda haifiki. Kabla ya kulipa, tembea kwa miguu kutoka hapo hadi zahanati.

Na hati iandikwe majina ya mume na mke, sasa hivi mkiwa wazima na mnaelewana.

Dada yenu mkubwa,
Tanga