Mapatano ya Krismasi 1914: mmekumbuka mpira, mmesahau majembe

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka ishirini na sita na sijawahi kukuandikia, hata siku ile mlipoweka picha ya mbunge wetu juu ya tangazo la msiba wa mtu mwingine. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Nazungumzia makala yenu ya kabla ya Krismasi, ile ya askari wa Uingereza na Ujerumani walioweka bunduki chini Krismasi ya 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakacheza mpira.

Kwanza picha. Ile mliyoiweka, ya askari wakigombea mpira, si ya 1914 na hakuna Mjerumani hata mmoja ndani yake. Ilipigwa Krismasi ya 1915 huko Salonika, Ugiriki, na waliomo ni Waingereza watupu wakicheza wao kwa wao. Mmetuonyesha mazoezi mkatuambia ni mechi.

Pili, mmeandika kwamba Wajerumani walishinda 3-2, kana kwamba kulikuwa na kamisaa wa mchezo na orodha ya wachezaji wa akiba. Mabao hayo yana asili yake. Gazeti la The Times la London, tarehe 1 Januari 1915, lilichapa barua ya daktari mmoja wa jeshi aliyesema kikosi fulani cha Waingereza kimefungwa 3-2 na Wasaksoni, yaani Wajerumani wa Saksonia. Barua kwa gazeti, Mhariri, kama hii yangu. Sisemi mpira haukuchezwa. Luteni Kurt Zehmisch wa kikosi cha 134 cha Saksonia aliandika katika shajara yake kwamba Waingereza walileta mpira kutoka kwenye mahandaki yao na mchezo ukakolea. Lakini ilikuwa chandimu ya watu waliovaa mabuti, juu ya udongo ulioganda kwa baridi, na asiyejua kucheza naye alikimbia.

Kilichoniuma hasa ni mlichokiacha. Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliomba mapatano tangu tarehe 7 Desemba, wakubwa wakakataa. Waliokubali ni wadogo, usiku wa tarehe 24, Wajerumani walipowasha mishumaa juu ya kingo za mahandaki na kuimba. Na walipotoka asubuhi, mkono mmoja ukiwa juu kuonyesha hauna kitu, wengi hawakukutana na mpira. Walikutana na maiti. Pale karibu na Fleurbaix, Ufaransa, kulikuwa na Waingereza waliouawa katika shambulio la tarehe 18, wiki nzima wamelala katikati ya mahandaki ya pande mbili pasipo mtu wa kuwafikia. Pande zote mbili zikachukua sepetu zikachimba. Wakasoma Zaburi ya 23 pamoja, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, Wajerumani wamesimama upande mmoja wa kaburi na Waskoti wa jeshi la Uingereza upande wa pili. Tumbaku na vifungo vya makoti walibadilishana, ndiyo, na sehemu nyingine mpira ukachezwa. Sehemu nyingine bunduki hazikunyamaza kabisa na watu walikufa siku hiyohiyo ya Krismasi. Jenerali Horace Smith-Dorrien wa Uingereza aliposikia akataka majina ya maofisa walioruhusu. Mwaka uliofuata wakubwa wakahakikisha mizinga inapigwa, watu wasije wakasalimiana tena. Yote haya ninyi mmeyapa mistari miwili, na bao la tatu la Wajerumani mmelipa aya nzima!

Sasa nikueleze makala yako ilivyonigharimu. Tarehe 26 Desemba mtaani kwetu kulikuwa na bonanza, mtaa wa juu na mtaa wa chini, na mimi nikaitwa mgeni wa heshima kwa kuwa nimewafundisha nusu ya wachezaji na baba zao. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti akasoma makala yako yote, neno kwa neno, na ile 3-2 akairudia mara mbili. Watu wakapiga makofi. Wachezaji wakakumbatiana. Dakika ya ishirini mwamuzi akatoa penalti, na kabla mpigaji hajaweka mpira kwenye nukta, kipa alikuwa ameshashikwa shingo. Nilikuwa nimeazimisha viti sita vya plastiki kutoka nyumbani. Vimerudi vinne na nusu. Kijana aliyekivunja kile cha tano nilimfundisha Vita Kuu ya Kwanza darasa la saba, na aliponiona akasema, "Shikamoo mwalimu," huku mguu wa kiti bado uko mkononi!

Na kwa kuwa nimeshika kalamu niseme na hili. Watu walipotawanyika, chupa za maji na mifuko yote ilisukumwa kwenye mtaro wa pembeni mwa uwanja. Mtaro ule haujazibuliwa tangu masika ya mwaka juzi. Mvua ikinyesha maji yanaingia sebuleni kwangu yakiwa na vifuniko vya soda. Tumeshaandika barua, tumeshaitwa kikao, tumeshapewa soda (vifuniko mnajua vilikokwenda).

Tena makala imeandikwa utadhani vita ile haikufika kwetu. Wiki saba kabla ya Krismasi hiyo, hapahapa Tanga, Waingereza na askari wao wa Kihindi walishindwa na Wajerumani wakakimbilia meli, na maofisa wakazungumza chini ya bendera nyeupe juu ya majeruhi. Januari 1915 kule Jasin, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alimpongeza ofisa wa Kiingereza aliyetekwa kwa jinsi alivyopigana, akamwachia kwa ahadi kwamba hatapigana tena. Uungwana huo ulikuwa wa maofisa. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili hawakupata Krismasi wala ahadi, wamepata jina la soko, Kariakoo, na sina hakika kama mwandishi wako anajua limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Ombi langu ni hili. Desemba ijayo, kama lazima mrudie habari hii, picha ya Salonika iacheni Salonika, na ile 3-2 iwekeni ukurasa wa matokeo ya ligi daraja la nne, hakuna atakayehoji. Halafu muwaambie waandaaji wa mabonanza kwamba wale askari walichimba kwanza. Timu zote mbili zishuke kwenye mtaro dakika arobaini na tano kamili, mtaa wa juu waanzie kwenye karavati, mtaa wa chini waanzie kwa muuza mkaa, na watakapokutana katikati ndipo mwamuzi apulize filimbi. Mimi nitakuja na majembe mawili. Moja mpini wake umelegea, hilo atapewa aliyevunja kiti.

Mwalimu mstaafu,
Tanga