Msiwaambie watu wamwage petroli kwenye kabureta

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya yule msomaji mwenye gari ya misuli ya Kimarekani, zile za zamani zenye injini kubwa yenye nguvu, iliyolala miaka kadhaa na sasa haiwaki, na nimesoma pia majibu mliyochapa baadaye, na kuna jibu moja limeninyima raha kabisa. Ni lile linalosema fungua eakilina (kile kichujio cha hewa), mwaga petroli kidogo kwenye mdomo wa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, alafu mwenzako apige stata. Jamani hapana. Injini iliyokaa muda mrefu unaweza kukuta valvu moja imeganda ikiwa wazi, au taimingi (wakati wa cheche kuruka) imehama, na ikipiga kinyume, yaani mlipuko ukirudi nje badala ya kubaki ndani ya injini, moto unatokea juu palepale kwenye kabureta, na wewe umeinama na chupa ya petroli mkononi. Watu wameungua hivyo, na magari mazuri yameteketea hivyo.

Mimi ninayo Plymouth Road Runner ya 1968, ile ya injini ya inchi za ujazo 383, na yenyewe ililala miaka mitatu kwahiyo haya ninayoyaandika nimeyapitia kwa mikono yangu. Nitaeleza ninavyofanya mimi, na huyo ndugu aone kinachomfaa.

Kwanza kabisa usiguse ufunguo. Najua hamu ilivyo, umeivua turubai, umeifuta vumbi, unataka kuisikia. Subiri kidogo. Fungua boneti uangalie panya kwanza, wanapenda sana kulala ndani ya eakilina na wanatafuna waya, na ukishamaliza hapo toa plagi zote nane, weka oili kama kijiko kimoja kila tundu, uiache hata siku nzima ishuke kwenye ringi za pistoni. Kesho yake chukua spana ndefu uweke kwenye bolti ya krenki (ule mhimili mkuu wa injini) pale mbele uzungushe kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili. Ikigoma usilazimishe na usiombe mtu mwenye nguvu aje asaidie, coz kama ni valvu imeshika utapinda pushirodi, ile fimbo inayosukuma valvu, na hapo kazi ya mchana mmoja inageuka kuwa ya miezi. Ikizunguka laini, piga stata plagi zikiwa bado nje, na waya wa koili, kile kinachotengeneza umeme wa cheche, umeuchomoa, mpaka uone geji ya oili imepanda. Hapo injini imepata oili kabla ya kupata moto.

Habari ya betri nitaipitisha haraka sababu wengi wanaijua. Betri nzima iliyojaa ikiwa imetulia inasoma volti 12.6, ikisoma 12.0 iko karibu na tupu hata kama taa zinawaka, na wakati stata inasukuma isishuke chini ya 9.6. Iliyokaa tupu miaka mitatu haifufuki, nunua nyingine. Lakini kuna kitu watu wanakisahau, waya za ethi. Betri mpya na stata nzima zinaweza kushindwa kwa sababu ya kutu pale waya unapofungwa kwenye injini, kwahiyo weka mita kati ya hasi ya betri na injini yenyewe mtu akipiga stata, ukiona zaidi ya nusu volti basi umeme unapotelea hapo, fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena. Na kama ukizungusha ufunguo hakuna chochote, hata mlio, na gari ni otomatiki, jaribu gia ikiwa kwenye N badala ya P kabla hujafungua kitu. Swichi ya gia inachakaa na kukaa kunaiharibu zaidi.

Sasa tuje kwenye mafuta maana nusu ya shida iko hapa. Petroli inazeeka. Sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto injini ikiwa baridi, ndo inayoruka kwanza, na inayobaki inakuwa na harufu ya vanishi, ukifungua mfuniko wa tenki pua inakwambia. Na petroli ya siku hizi sehemu nyingi imechanganywa na ethanoli, ambayo ni pombe, ethanoli inavuta unyevu, na maji yakizidi yanashuka nayo chini ya tenki, palepale bomba linapovutia. Alafu magari haya yametengenezwa wakati mipira haikuandaliwa kwa ethanoli, kwahiyo mipira ya mafuta inapasuka au inalainika kwa ndani huku nje inaonekana nzima. Ule mpira mfupi wa nyuma karibu na tenki ndo mbaya zaidi, ukiwa na ufa mdogo hautoi tone hata moja, unavuta hewa tu, na pampu inabaki inapampu upepo, wewe unahangaika na kabureta ambayo haina kosa.

Njia ninayoiamini mimi ni hii. Toa eakilina, injini imezimwa, mulika tochi ndani ya koo la kabureta alafu vuta waya wa aksileta kwa mkono. Unatakiwa uone michirizi miwili ya petroli inaruka, myembamba, imenyooka. Usipoona kitu basi bakuli la kabureta limekauka, na hilo ni jambo la kawaida kabisa, petroli ya mle ndani inakauka yenyewe hata kwa wiki chache tu, au kile kikombe cha mpira cha pampu ya aksileta kimekakamaa. Kama ni bakuli kavu, hapa ndo petroli inapoingia kwa usalama: chukua bomba la sindano, pitisha mililita kama 50 kwenye kitundu cha hewa cha bakuli, taratibu, futa iliyomwagika, rudisha eakilina, ndo upige stata. Petroli inakaa ndani ya bakuli inakotakiwa kukaa, haipo wazi kwenye koo inasubiri cheche. Na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, usiwe ndani ya nyumba.

Ikiwaka ikaenda nusu dakika ikazima, umeshajua cheche ipo na mafuta hayafiki. Hapo mimi natumia kopo safi la petroli mpya, nafunga mpira mpya kutoka kwenye kopo mpaka mdomo wa kuingilia wa pampu, na kopo naliweka mbali na ekzosti na waya za plagi. Ikikubali kuwaka na kuendelea basi pampu na kabureta ni nzima, ubaya uko nyuma, tenki au bomba au filta. Ikikataa, ubaya uko mbele. Jaribio hili moja linakuokoa kushusha tenki bure. Na nusa ile stiki ya oili. Ikinuka petroli, mara nyingi ngozi ya ndani ya pampu ya mafuta imepasuka na inamwaga mafuta ndani ya injini, usiendelee kuwasha, badilisha pampu na oili vyote.

Kwenye cheche, kama gari bado ina pointi, vile vibati viwili ndani ya distributa (kigawa cheche) vinavyokata na kuunga umeme wa koili, mara nyingi kosa ni utando tu. Zikikaa miezi kwenye unyevu zinapata kitu cha kijivu usichokiona vizuri kwa macho, na umeme haupiti. Pitisha msasa laini kidogo, alafu kipande cha karatasi ngumu safi katikati mpaka kitoke bila weusi, pima nafasi kati yake zikiwa wazi, nyingi ziko kati ya milimita 0.4 na 0.5, ila fuata kitabu cha gari yako. Angalia na kofia ya distributa kwa ndani kama ina kutu ya kijani au ufa. Na kama ulichomoa waya zote kwa pamoja usikisie kuzirudisha, V8 (injini za silinda nane) za Chevrolet na za Chrysler mpangilio wa silinda kupata cheche ni 1-8-4-3-6-5-7-2 lakini Ford 302 za enzi hizo ni 1-5-4-2-6-3-7-8, na hata rota zinazunguka upande tofauti, Chevrolet kwa saa, Ford kinyume.

Nimefika kwenye kile kilichonifanya niandike barua ndefu hivi. Gari yangu ilikuwa inapiga stata vizuri, inashika, inanguruma kabisa, alafu inakufa. Kila mara. Niliambiwa koili, nikabadilisha koili. Nikaambiwa kondensa, plagi, nikabadilisha vyote, wiki tatu zimepita na gari ileile inanguruma na kufa. Siku moja nikamkalisha mke wangu kwenye usukani mimi nikabaki mbele nasikiliza, nikamwambia shikilia ufunguo usiuachie. Akashikilia, injini ikaendelea kupiga. Akaachia, ikakata hapohapo, kama umezima swichi. Tukarudia mara nne na kila mara ilikufa pale vidole vyake vinapolegea.

Nikachukua mita nikaenda kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, kuna kitu kidogo cheupe cha kauri, kirefu kama kidole, kina waya huku na huku. Hiyo ndo resista ya balasti. Ukiwa unapiga stata koili inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, resista inarukwa. Ukiachia ufunguo umeme unatakiwa upite kwenye ile resista ili pointi zisiungue. Nikaweka ufunguo kwenye on, upande mmoja volti 12, upande wa koili sifuri. Nikaifungua, nikaigeuza, na nyuma yake ule waya uliojikunja ndani ya kauri ulikuwa umekatika, nafasi ya kama punje ya mchele, na pembeni pameungua weusi. Nikafunga mpya, bolti moja na waya mbili, dakika tano. Ikawaka na haikuzima mpaka nilipoizima mwenyewe, na mke wangu alikuwa bado kwenye usukani anacheka.

Kwahiyo yule msomaji wenu naomba aangalie inakufa wakati gani. Kama inakufa pale anapoachia ufunguo na gari ni ya Chrysler, na Plymouth ni yao, aanzie kwenye hicho kidude cheupe kabla hajanunua chochote. Kama ni Chevrolet au Ford ya miaka hiyo, asikitafute ukutani, wao walitumia waya maalum wenye ukinzani ndani ya waya nyingine, afuate ule unaokwenda kwenye koili. Kama inakwenda sekunde ishirini thelathini ndo inazima kwa kusuasua, hayo ni mafuta, atumie kopo. Asipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, aiache ipoe ndo arudie, stata za zamani zinaungua. Na ikishawaka asikimbilie barabarani, breki zilizolala nazo zina matatizo yake.

Mhariri, najua barua ni ndefu na mtaikata, sina kinyongo. Kateni habari za Plymouth yangu, kateni hata mke wangu, lakini kile kipande cha mwanzo kuhusu kumwaga petroli kwenye kabureta naomba kichapwe chote, na kichapwe kwenye ukurasa uleule mliochapa lile jibu.

Msomaji wenu wa kila wiki