Msiwalaumu watangazaji, waulizeni mabosi waliotoa ahadi

Mhariri, habari za kazi. Naandika kuhusu ile makala yenu ya ukurasa wa burudani iliyosema kwamba wachekeshaji wa vipindi vya usiku kule Marekani wanagombania viti kwa sababu ya wivu na tamaa, na kwamba watangazaji wetu hapa Dar wana ugonjwa huohuo, halafu mwandishi akamalizia na ile ya mafahali wawili hawakai zizi moja. Mi haya mambo nayafuatilia miaka mingi, bando langu kubwa linaishia huko, na sikubaliani nae hata kidogo. Mafahali hawajifungii wenyewe zizini, kuna mtu ana funguo, na huyo ndo makala yenu haikumgusa kabisa.

Chukua ugomvi wa kwanza ule mkubwa. Mchekeshaji Johnny Carson alikaa kwenye The Tonight Show, kipindi cha usiku cha kituo cha televisheni cha NBC, kuanzia Oktoba 1962 mpaka Mei 1992, karibu miaka 30, na tangu 1982 akimaliza yeye anaingia David Letterman na kipindi chake, kwa hiyo watu wengi walijua mzee akistaafu Letterman anasogea mbele, na Carson mwenyewe inafahamika alimkubali sana Letterman. NBC wakampa kiti mchekeshaji mwingine, Jay Leno. Letterman akahama kwenda kituo pinzani cha CBS mwaka 1993 na kuanzia hapo ikawa ni vita kila usiku, huyu huku yule kule. Watu wanasema Leno alimpora mwenzie. Ni kweli meneja wake, Helen Kushnick, alimpigania kwa nguvu mpaka akafukuzwa na NBC, na ni kweli pia Leno aliwahi kujificha kwenye kistoo akasikiliza mabosi wakimjadili kwenye simu, kitendo ambacho siwezi kukitetea. Lakini hebu jiulizeni, mtu tayari ni mtangazaji wa kipindi cha usiku kikubwa kuliko vyote nchini kwao, amefikaje mahali pa kujibanza stoo ili ajue kama kesho bado ana kazi? Hao mabosi, kabla Letterman hajahama, walikuwa wanafikiria kumpa Letterman kiti na kumtoa yeye, na usoni hawajamwambia kitu.

Ungedhani wamejifunza. Mwaka 2004 hao hao NBC wakaogopa Conan O'Brien, mtangazaji wao wa kipindi kinachofuata baada ya The Tonight Show, atachukuliwa na kituo kingine, wakamwahidi kwamba mwaka 2009 The Tonight Show itakuwa yake. Miaka mitano mbele! Leno wakati huo anaongoza kwa watazamaji, akaambiwa muda wako ukifika utaondoka. Sasa 2009 inakaribia, Leno bado anaongoza, wakaogopa tena safari hii kwamba ni yeye atakayeenda kwa wapinzani, basi wakampa kipindi chake saa 4 usiku kila siku ya kazi, halafu inafuata taarifa ya habari, halafu ndo Conan saa 5:35. Yaani aliyeondoka hajaondoka, amekaa mlangoni kwa aliyeingia. Vituo vya majimboni vinavyorusha matangazo ya NBC vikaanza kulalamika kwamba watu wanahama kabla hata ya taarifa yao ya habari ya saa 5, na hapo ndo pesa yao ilipo, kwa hiyo Januari 2010 mabosi wakaja na wazo kwamba Leno arudi saa 5:35 kwa nusu saa na Conan asukumwe mpaka saa 6:05, usiku wa manane umeshapita, ni siku nyingine kabisa.

Conan akakataa, akaandika barua ya wazi, na kitu kilichonigusa mi kwenye ile barua ni kwamba hakujisemea mwenyewe tu, alisema pia sio haki kwa Jimmy Fallon aliyekuwa anamfuata, maana akisukumwa yeye na Fallon anasukumwa. Aliondoka tarehe 22 Januari 2010 baada ya miezi saba tu kwenye kiti alichoahidiwa miaka mitano kabla ya kukikalia. Alilipwa zaidi ya dola milioni 30, sawa, hakufa njaa. Lakini wafanyakazi wake wengi walikuwa wamehamisha familia kutoka New York mpaka Los Angeles kwa ajili ya hiyo ahadi, wameuza nyumba, watoto wamebadili shule. Kwenye makubaliano Conan alihakikisha na wao wanalipwa mamilioni kadhaa. Mtu mwenye tamaa hafanyi hivyo.

Alipohamia kituo cha TBS baadae mwaka huohuo, kipindi cha mchekeshaji George Lopez kilichokuwa hapo kilisogezwa mpaka saa 6 usiku ili kumpisha, lakini Lopez alikuwa ameshirikishwa na akaafiki kabla ya lolote. Kipindi chake kilikuja kufutwa 2011, ni kweli, ila kati yao hamkusikia bifu. Kwanini? Kwa sababu mtu aliambiwa mapema.

Na mnisamehe makala yenu haikumtaja mwanamke hata mmoja wakati mchekeshaji Joan Rivers ndo aliumia kuliko wote. Kuanzia 1983 alikuwa ndo anashikilia kiti rasmi Carson akiwa likizo, anafanya kazi vizuri, watu wanampenda, halafu mwenyewe alieleza kwamba aliona orodha ya watu ambao NBC inawafikiria kumrithi Carson na jina lake halimo. Akakubali kipindi cha kituo kingine, Fox, mwaka 1986. Carson alikasirika na hakuongea nae tena mpaka anakufa, na Rivers hakukaribishwa The Tonight Show mpaka 2014, Jimmy Fallon akiwa ndo mtangazaji wake, mwaka uleule aliofariki. Wote wanasimulia hasira za Carson, aliyeandika ile orodha hatajwi.

Nakuja hapa kwetu. Nimefanya kazi nyuma ya mitambo kwenye redio moja hapa mjini, siitaji kwa jina. Dada mmoja mwenye kipindi cha usiku alienda likizo ya uzazi, kijana akaambiwa ashikilie. Meneja akamnong'oneza kijana kwamba kipindi sasa ni chako, na dada nae akapigiwa simu kwamba kiti chako kinakusubiri mama. Siku ya kurudi wote wawili wako studio, kila mmoja na script yake, taa nyekundu inakaribia kuwaka, na meneja hapokei simu. Dada akampisha mwenzie, akakaa kochini akilia, mi namwona kwenye kioo. Wiki hiyo mitandaoni ikawa wanachukiana, wanarogana, kijana kampindua dada, wakati hawa watu walikuwa wanachangiana nauli ya bodaboda. Hakuna aliyemuuliza meneja hata swali moja.

Mbona kukabidhiana kiti kwa amani inawezekana. Jon Stewart alitangaza mapema 2015 kwamba anaiacha The Daily Show, kipindi cha kuchekesha kuhusu habari, mwezi uliofuata Trevor Noah wa Afrika Kusini akatajwa, Stewart akatoka Agosti na Noah akaanza Septemba, na sisi Waafrika tukaona fahari. Noah alipoondoka Desemba 2022 mabosi wakakaa zaidi ya mwaka bila mrithi, wageni wanapokezana, mpaka wakamrudisha Stewart siku za Jumatatu mwaka 2024. Na CBS ndo wamefunga mjadala, Julai 2025 walitangaza kwamba The Late Show ya Stephen Colbert itaisha Mei 2026 na hakuna atakayerithi. Walisema ni hasara, wengine wakasema ni siasa.

Ombi langu kwenu mhariri ni hili, mtangazaji akihama au akiondolewa hapa Dar, kabla ya kuandika nani kamnunia nani, mpigieni simu mkurugenzi wa vipindi, muulizeni mkataba ulikuwa unaisha lini, nani aliahidiwa kile kiti na aliahidiwa lini, na timu ya nyuma ya kamera italipwaje. Akikataa kujibu andikeni kwamba amekataa, na mumtaje kwa cheo chake.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam