Kabla ya kupanda ngazi za makao ya mkoa

Mhariri,

Wageni Nakuru bado huuliza ofisi ya "PC" (mkuu wa mkoa), ilhali mikoa 8 ya Kenya ilizipisha kaunti 47 mwaka 2013. Makao ya zamani ya mkoa ni ya serikali ya kitaifa; ukipeleka huko kodi ya ploti au leseni ya biashara, utaelekezwa kwa kaunti. Kibao kimoja getini kingeokoa miguu mingi.

Ukiwa na shughuli kwenye makao hayo, fika saa mbili asubuhi na kitambulisho chenyewe, si fotokopi. Kikibaki kwa askari, kichukue ukitoka. Wengi hukikumbuka wakiwa ndani ya matatu. Kuanzia saa saba hadi saa nane ni chakula cha mchana: kapumzike kwenye bustani ya Nyayo Gardens. Aprili na Mei beba mwavuli, mvua hupenda alasiri.

Msomaji, Nakuru